Mzee Akivunjika Mkono, Tuulize Mifupa Yake

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mifupa ya wazee wetu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji. Umri wangu ni miaka 26. Nilisoma chuoni miaka 2 nikapata cheti. Wanakijiji huniita daktari, nami nimechoka kuwasahihisha.

Siku moja aliletwa kwangu bibi mmoja wa miaka 71. Alikuwa anatoka nyumbani kwake akiwa na kopo la maji. Kizingiti cha mlango wake hakifiki kimo cha tofali moja. Mguu uliteleza, akaweka mkono chini ili ajizuie. Mkono ukavunjika karibu na kiganja. Nilimfunga mabanzi, nikampa dawa ya maumivu, nikamwandikia barua ya kwenda hospitali. Huko alifungwa hogo, ile plasta ngumu. Baada ya wiki 6 hogo likatolewa na mkono ulikuwa umeunga. Bibi akarudi shambani. Katika daftari letu la MTUHA, sababu ya kuvunjika niliiandika kwa neno moja: ameanguka.

Ilipita miezi 11. Bibi yule alikuwa jikoni, akageuka ili achukue mwiko, akaanguka ubavu. Safari hii iliumia nyonga. Watu wa nyumbani walidhani ameteguka. Walimchua kwa mafuta siku 4. Nilipoitwa nilikuta mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto, na unyayo umegeukia nje. Hizo ni dalili za nyonga iliyovunjika. Alipelekwa hospitali, ikaonekana anahitaji upasuaji, na upasuaji huo haufanywi karibu. Fedha za safari hazikupatikana upesi. Akarudishwa nyumbani. Alilala chali, akatoka vidonda vya mgongoni, kisha kifua kikajaa. Wiki ya 7 tulimzika.

Msibani watu walisema ni uzee. Nami nilisema hivyo, maana ndivyo tulivyozoea kusema. Lakini kesho yake nilifungua daftari nikalitazama lile neno langu. Bibi hakuanguka mtini, wala hakugongwa na gari. Alianguka kutoka kimo chake mwenyewe. Mtu mzima akianguka hivyo kwa kawaida huchubuka, huvimba, huona aibu, kisha huinuka. Akivunjika mfupa kwa anguko dogo kama hilo, inawezekana kabisa mfupa ulikuwa dhaifu kabla ya siku ile. Mimi niliutibu mkono, sikuuliza habari za mifupa mingine. Ilikuwapo miezi 11 ya kumsaidia, nami sikuitumia.

Ugonjwa ninaousema ni wa mifupa kuwa myepesi. Wataalamu huuita osteoporosisi. Mfupa ni kitu kilicho hai. Kila wakati mwili hubomoa sehemu iliyochakaa na kujenga mpya, kama tunavyobandua udongo uliopasuka ukutani na kukandika tena. Tunapokua, kukandika kunazidi kubandua. Mifupa hufikia nguvu yake yote mtu anapokaribia miaka 30. Baada ya hapo mambo hugeuka polepole. Kwa wanawake hugeuka kwa kasi baada ya hedhi kukoma, kwa sababu mwili hupoteza kichocheo kilichokuwa kinailinda mifupa. Wanaume nao hupata, ila kwa kawaida huchelewa.

Jambo baya ni kwamba ugonjwa huu hauumi. Umewahi kuona nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa? Kwa nje gome ni zima. Unaegemea siku moja na nguzo inakatika. Ndivyo ilivyo mifupa hii. Mara nyingi mfupa wa mkono karibu na kiganja hutangulia kuvunjika, kisha pingili za uti wa mgongo, na mwisho nyonga. Pingili za mgongo huweza kubonyea hata bila kuanguka, pengine mtu alikuwa anajitwisha ndoo tu. Yeye husema mgongo umekaza, nasi tunampa panadol.

Sasa nije kwenye mashine. Katika mkutano wa kijiji chetu kijana mmoja aliyetoka mjini alisimama akasema kuwa huko kuna mashine ya kupima mifupa. Akaomba diwani atusaidie ipatikane katika wilaya. Watu walipiga makofi, nami nilipiga. Nilipofika nyumbani nikaanza kufikiri vizuri zaidi. Ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Kwanza tuielewe. Mashine hiyo inaitwa deksa. Ilianza kutumika katika miaka ya 1980. Mgonjwa hulala chali juu ya meza, na mkono wa mashine hupita juu yake. Hakuna sindano wala maumivu. Kazi huisha kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Mashine hutumia mionzi ya eksirei ya nguvu 2 tofauti. Mionzi hiyo ni kidogo sana, pungufu ya ile ya picha moja ya kifua. Nyama huizuia mionzi kwa namna moja na mfupa kwa namna nyingine, na kutokana na tofauti hiyo mashine hujua mfupa una madini kiasi gani. Hupimwa zaidi nyonga na mgongo wa chini.

Mwishoni hutoka namba. Namba hiyo hulinganisha mfupa wako na mfupa wa mwanamke kijana mwenye afya. Ukipata 0, mko sawa. Ukipungukiwa hadi 1 chini ya 0, bado si neno. Kati ya 1 na 2.5 chini ya 0, mifupa imepungua. Ukifika 2.5 chini ya 0 au kupita hapo, unahesabiwa kuwa na ugonjwa. Mipaka hii ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994.

Faida ya mashine ni kubwa, nami sitaki mtu aseme naipinga. Inaweza kuonyesha udhaifu kabla mfupa wowote haujavunjika. Nchini Marekani wanawake wote wa miaka 65 na zaidi hushauriwa kupimwa. Kama una ndugu mjini ambako ipo, na wewe hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, au umemeza vidonge vya prednisoloni kwa miezi mingi, au mama yako alivunjika nyonga, muulize daktari kama upimwe. Usione haya.

Lakini kwa wilaya kama yetu, nasema mashine isiwe ya kwanza. Bei yake ni mamilioni mengi ya shilingi. Inataka umeme usiokatikakatika, inataka fundi, inataka mtu aliyesomea kuisoma. Na hata ikifika, itakuwa mjini. Bibi wa kizingiti asingeifikia. Angeifikia vipi, naye alishindwa kufika kwenye upasuaji?

Iko sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Namba peke yake haisemi kila kitu. Yule mwanamke kijana ambaye mashine humtumia kulinganisha amechukuliwa kutoka kwa wanawake weupe wa Marekani. Nchini Gambia, katika kijiji cha Keneba na vijiji vya jirani, watafiti walipima mifupa ya wanawake wakulima. Mwaka 1996 walitangaza kwamba madini ya mifupa ya wanawake hao yalikuwa machache kuliko ya wanawake wa Uingereza, lakini kuvunjika kwao kulikuwa nadra. Na huko Ulaya na Marekani kwenyewe, wengi wanaovunjika mifupa kwa anguko dogo huwa namba yao haijafika 2.5 chini ya 0. Kwa hiyo mtu anaweza kupata namba mbaya asivunjike, na mwingine akapata namba ya wastani akavunjika.

Lakini tusijifariji kwa habari ya Gambia. Nadra si sawa na hakuna. Wazee wetu sasa wanaishi miaka mingi kuliko zamani. Bibi yule alikuwa msichana wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Alisikiliza redio pamoja na kikundi chake, akachimba choo, akafyeka majani kuzunguka nyumba. Wengi waliofanya kazi ile wamefika uzee, na ni jambo la kushukuru. Sasa uzee huo una maradhi yake, na zahanati nyingi bado zinafikiria watoto na wajawazito tu.

Basi tufanye nini? Mwaka 1999 huko Glasgow, Uskoti, waliona kwamba wazee wanavunjika mkono, wanafungwa, wanarudi nyumbani, kisha wanarejea na nyonga. Kosa lile lile langu, na wao wana mashine! Wakaweka wauguzi wenye kazi maalumu. Kila mtu aliyezidi miaka 50 akija na mfupa uliovunjika, jina lake huandikwa, hutafutwa, hupimwa, hupewa dawa akihitaji. Mashine wanaitumia, ndiyo, lakini kazi huanza na jina katika daftari. Daftari tunalo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mtu yeyote aliyezidi miaka 50 akivunjika mfupa kwa kuanguka kutoka kimo chake, zahanati imwandike kuwa anashukiwa ugonjwa wa mifupa myepesi, na barua ya kwenda hospitali iseme hivyo kwa maandishi yanayosomeka. Tusingoje kuvunjika kwa pili.

Na wale ambao hawajavunjika? Hapa lazima niseme kweli: ukuta na futi ya fundi cherehani haviwezi kuona mapema kama deksa. Vinaona ugonjwa uliokwisha kwenda mbali kidogo. Hata hivyo ni afadhali kuliko kutoona kabisa. Mwambie bibi asimame wima, visigino na mgongo viguse ukuta, atazame mbele bila kuinua kidevu. Kisogo kinapaswa kugusa ukuta. Kama kinabaki mbali, pengine pingili za juu za mgongo zimebonyea. Halafu simama nyuma yake, akiwa bado wima, uweke vidole ubavuni kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kama nafasi haipiti vidole 2, kiwiliwili kimefupika. Muulize kimo chake cha zamani. Aliyepungua sentimeta 4 au zaidi tunamtilia mashaka. Mwanamke mzee ambaye uzito wake haufiki kilo 51 naye aangaliwe. Madaktari wengine huhesabu hata meno, ila meno yetu yana habari zake nyingine.

Dalili hizi si hukumu. Mtu anaweza kuwa nazo kwa sababu tofauti. Hasa kijana au mtu wa makamo mwenye kibiongo kinachoanza, maumivu ya mgongo usiku, homa na kukonda, huyo apimwe kifua kikuu. Kifua kikuu hushika mgongo pia, nacho kina dawa.

Ziko dawa zinazodhoofisha mifupa, na hapa naomba msome polepole. Prednisoloni na deksamethasoni zikitumiwa muda mrefu hula mifupa. Daktari akikuandikia, usiache ghafla, maana kuacha ghafla ni hatari, rudi umwulize. Lakini vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni bila karatasi, baadhi yake huwa ni deksamethasoni hiyo hiyo. Akina dada wananunua ili wapate mashavu. Mashavu ni mafuta, na mifupa inalipa. Vilevile dawa ya tenofovia, iliyomo katika vidonge vya kufubaza virusi vya Ukimwi, hupunguza madini ya mifupa kidogo, hasa mwanzoni. Asiache mtu hata siku moja kwa sababu hiyo! Virusi vyenyewe navyo hudhoofisha mifupa, na bila dawa vitakuua kabla ya mifupa kuvunjika. Mwambie mhudumu wa kliniki tu, ili ajue.

Sigara na pombe nyingi nazo zimo. Wenzangu wa kilabuni wanajua nimeshasema.

Kuhusu chakula nitasema machache. Vitabu vinasema kunywa maziwa. Ni kweli, ila najua bei ya maziwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nyingi, na fungu lake watu wengi wanaliweza. Wasitolewe vichwa. Maharage, karanga na mayai hutupa protini, ambayo mfupa unaihitaji pia. Jua tunalo. Watafiti waliwapima Wamasai na Wahadzabe wa nchi yetu wakakuta wana vitamini D ya kutosha kabisa, kwa sababu wanashinda nje. Lakini mzee anayefungiwa chumbani mchana kutwa hapati jua hilo. Mtoeni nje asubuhi, akae, atembee. Kutembea kunaufanya mfupa ujue bado una kazi.

Nyumba nazo zitazamwe. Wengi huanguka usiku wakienda chooni. Weka tochi karibu na kitanda, ondoa kamba na majembe njiani, sawazisha kizingiti. Macho yenye mtoto wa jicho yapelekwe kutibiwa, maana asiyeona hujikwaa. Fimbo si aibu. Babu mmoja kijijini kwetu aliikataa fimbo miaka 2 akisema atachekwa, na sasa anawachapa nayo mbuzi.

Na akianguka akashindwa kusimama, tafadhali msimchue. Msimvute mguu. Fungeni miguu yote miwili pamoja kwa kanga, mkiweka nguo laini katikati, mlazeni juu ya mlango au ubao, mje zahanati au mwende hospitali moja kwa moja. Nyonga iliyovunjika inataka kupasuliwa upesi, ikiwezekana ndani ya siku 2. Lengo ni kumwinua mgonjwa kitandani, kwa sababu kitanda ndicho kinachoua.

Kwa viongozi wa kata na wilaya nina ombi moja la fedha, nalo ni dogo kuliko mashine. Kuna kidonge kiitwacho alendroneti cha miligramu 70. Humezwa mara 1 kwa wiki, asubuhi kabla ya chakula, kwa bilauri nzima ya maji safi, kisha mtu hukaa wima bila kulala kwa nusu saa ili kisimchome koo. Hupunguza kuvunjika kwa mgongo na nyonga kwa wale wenye ugonjwa huu. Ni dawa ya zamani sasa, na viwanda vingi vinaitengeneza. Daktari wa hospitali ndiye wa kuiandika, baada ya kuangalia figo na kalsiamu, wala haifai kununuliwa ovyo dukani. Ombi langu ni kwamba iwepo katika duka la dawa la hospitali ya wilaya. Mashine bila kidonge hicho itatuambia tu kwamba tunaumwa. Na kijiji kiwe na mfuko wa safari ya wagonjwa, hata wa shilingi chache kila nyumba kwa mwezi. Bibi yule alikosa nauli. Jambo hili linanisumbua kuliko yote.

Mimi nimekwisha kuanza. Nimechora mstari katika ukuta wa zahanati na kununua futi kwa fundi. Katika daftari nimepiga mstari wa pembeni kwa kalamu nyekundu. Mpaka leo nina majina 9.

Jina la 9 ni la mdogo wake marehemu. Alikuja Jumatatu kuchukua dawa ya presha, nikamwomba asimame ukutani. "Shikamoo bibi, hebu tazama mbele." Kisogo hakikugusa. Vidole vyangu 4 vilipita kati yake na ukuta. Nikaandika, naye akanyoosha shingo kutazama.

"Mjukuu wangu, umeniandika nini hapo?"

Nikamsogezea daftari. Alisoma darasa la watu wazima miaka mingi iliyopita, na bado anasoma kwa kidole. Alisoma taratibu: mi-fu-pa. Kisha akaniuliza barua ya hospitali iko wapi. Anakwenda Alhamisi, na mwanawe amekwisha kukopa nauli.